Kona Tatu za Kushoto

Enzi zetu pale Ujiji, gari halikununuliwa likiwa kamili. Lilinunuliwa kwanza, likakamilishwa taratibu, na mtaa mzima ulikuwa na maoni. La baba lilikuwa la kizamani hata siku hizo: taa za mviringo kama macho ya samaki mgebuka, mgongo wa kobe, na matairi membamba ambayo maduka ya Kigoma yalishayasahau.

Yalipokwisha, baba akanunua matairi ya pikapu. Yalikuwa mazuri, manene, na hayakuenea. Madigadi yalikuwa yanatafuna raba. Dawa ilikuwa moja, kukata madigadi na kupanua ule mdomo tairi linapokaa. Haraka nayo ilikuwepo, maana dada yake, shangazi Zena, alikuwa anaolewa Bangwe Jumamosi ile, na baba alishaapa mbele ya wakwe kwamba bibi harusi atafika kwa gari la kaka yake. Wakwe walicheka, wakasema pikapu yao ya kubebea dagaa ipo, wataiosha.

Kazi ikaanza uani. Sisi watoto tuliacha kukimbiza ringi, tukapewa cheo cha mizigo. Tulipangwa ndani ya gari ili likae chini kama siku ya safari, tukahesabiwa, tukahesabiwa tena, kwa sababu kuna waliotoroka kufuata dagaa jikoni. Mawese yaliyowakaanga dagaa ndiyo yaliyopakwa kwenye msumeno wa chuma usikwame. Mpaka leo nikinusa mawese ya moto, nasikia na bati likilia.

Fundi Kanani, mwenye viganja kama kasia, alipima upande wa kushoto kwa shubiri, akachora kwa chaki, akakata. Kisha akaenda kuswali. Baba, kwa kutaka kumpunguzia kazi, akapima upande wa kulia shubiri zile zile, akachora, akakata. Sasa baba alikuwa na mikono ya karani. Mama alitufundisha toka tukiwa wadogo: ukipimiwa kitambaa kwa mkono, tafuta muuzaji mrefu. Ila baba sokoni hakuwa mtu wa kwenda.

Jumamosi tukatoka, bibi harusi ndani, udi unanukia mpaka barabarani. Kona ya kushoto, laini. Kona ya kulia, tairi likang'ata bati, gari likalia kama mbuzi, likasimama. Fundi Kanani, aliyekuwa amepanda nasi, akashuka, akainama, akaweka kiganja chake pale palipokatwa.

"Hapa umepima kwa mkono wa nani?"

"Wangu," alisema baba.

"Basi gari hili lina baba wawili."

Msumeno ulikuwa umevunjika jana yake, na wa kuazima haukupatikana. Mtu mmoja akaanza kunong'ona habari za pikapu ya dagaa. Baba alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Shangazi akafunua ushungi kidogo.

"Kaka, kushoto linakata?"

"Linakata."

"Basi twende kushoto."

Kila kona moja ya kulia tuliilipia tatu za kushoto. Bangwe njia ya wakwe ilikuwa mkono wa kulia, kwa hiyo tuliipita, tukazunguka nyuma ya nyumba za watu, kushoto, kushoto, kushoto. Wanawake wakaacha masufuria, wakatoka na vigelegele. Tulipofika, mama mkwe alikuwa analia kwa furaha.

"Wametuzungushia bibi harusi mtaa mzima," alisema. "Watu hawa wana heshima."

Baba akakohoa, akasema ndiyo desturi yetu Ujiji. Tangu hapo maarusi wa mtaa ule nao wakawa wanazungushwa, tena kwa magari mazima.

Vijana wa siku hizi hununua madigadi yaliyokwisha kutanuliwa, simu inawaambia pinda kulia, wanapinda. Wanafika mapema, hawana cha kusimulia.

Baba hayupo. Madigadi yake yameishia kuezeka banda la kuku. Lakini kila ninapomrudisha shangazi nyumbani kwa bajaji, tukikaribia njia yake, yeye humgusa dereva bega: "Mwanangu, pita kwanza, tuzungukie kushoto." Dereva hunitazama, anajua ataomba nyongeza. Mimi ninayebishania hata fungu la nyanya, hapo hulipa. Nahesabu kona tu, moja, mbili, tatu, na shangazi kando yangu anaweka ushungi sawa.