Namba Iliyorudi Baada ya Radi

Mlango wetu ni kazi ya Efrazia, fundi kompyuta mwenye kibanda pale sokoni Lushoto. Mtoto wa Kilutheri, mdomo wake hauna breki. Mimi Mwanahamisi nalinda nyumba ya wanawake waliokimbia vipigo, juu kidogo ya mji. Nilipomwambia kufuli linatosha, alinicheka: "Bibi, funguo huibwa!" Akafunga kikompyuta ukutani. Kila jioni, na kila kikiwashwa, kinachagua namba mpya ya mlango na kunitumia kwenye simu. Mtu haruhusiwi kuichagua, kwa sababu watu, alisema, huweka mwaka wa kuzaliwa.

Sasa sisi wa huku radi tunaiogopa. Ikinguruma tunafunika vioo, tunazima meni swichi, tunakaa kimya. Nani angejua kuna ubaya?

Alasiri ile radi ilipopita, nikawasha umeme. Namba ikaingia. Yunis, aliyekuwa akichambua maharage, akachungulia simu yangu, akautua ungo sakafuni.

"Mama, hii ndiyo namba mliyonitumia siku ile nilipofika mara ya kwanza. Faraji anayo."

Siku ile nayo ilikuwa ya radi. Baadaye wazee walisuluhisha, Yunis akarudi kwa Faraji mumewe, naye akampokonya simu pamoja na ujumbe wangu. Juzi Yunis alikimbilia kwetu tena, jino moja halipo.

"Labda imetokea tu," nikasema. Nikampigia Efrazia.

Akapanda na bodaboda kwenye ukungu, shikamoo akaitoa huku anavua viatu. Akazima umeme, akawasha. Namba ile ile. Akazima tena, akawasha tena. Ile ile! 

"Nimefanya nini mimi," akanong'ona.

Kompyuta haijui kubahatisha, akatueleza. Lazima ipewe mbegu, kitu kisichotabirika, na namba zote huota kutoka hapo. Yeye aliipa saa ya ndani ya mashine. Kumbe saa ile haina betri: umeme ukizimwa, inarudi palepale ilipoanzia. Kwa hiyo kila nilipoogopa radi, nilikuwa naipanda mbegu ile ile.

"Nipeni kitu ambacho hakuna awezaye kukijua," akasema, macho yakihangaika chumbani. Yakatua kwenye ungo. Maharage yalikuwa mchanganyiko, mekundu na meusi. "Yunis! Yakoroge. Funga macho, toa moja moja. Usichague!"

Mbwa wa jirani akabweka. Kule chini njiani tukasikia mwanamume akisalimiana na watu. Yunis akaitambua sauti ya mumewe, akajikojolea. Sifichi, ndivyo ilivyokuwa.

"Toa!" Efrazia akasema.

Yunis akatoa huku analia bila sauti, mimi nikitaja rangi. Jekundu. Jeusi. Jeusi. Jekundu. Efrazia anabofya.

"Hayajatosha?" nikauliza.

"Bado! Yakiwa machache, mtu anaweza kujaribu mipangilio yote."

Kiganja cha Yunis kikaingia na kutoka, kikaingia na kutoka. Hatua zikafika barazani. Akaanza kubonyeza namba, kitasa kikalia: tii. Tii. Efrazia akabofya mara ya mwisho. Tii. Tii.

Taa nyekundu ikawaka. Mlango haukufunguka. Faraji akarudia namba ile polepole. Nyekundu tena.

Kisha sauti, laini kabisa: "Shikamoo, mama."

Jamani! Nimelelewa kwamba shikamoo haiachwi hewani, hata ikitoka kwa adui. Marahaba ilishafika kwenye ulimi wangu, na ingetoka angejua tumo ndani, angeuvunja mlango. Efrazia akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Tukasimama hivyo hadi hatua zikateremka.

Polisi tuliowaita walipofika hawakumkuta.

Efrazia ameshaweka betri, na mashine inahifadhi mbegu yake hata umeme ukizimwa. Lakini yeye mwenyewe haamini. Radi ikinguruma anapanda kwetu na mvua yake, tunakaa watatu kuzunguka ungo, tunatoa maharage bila kuangalia. Hatucheki.

Na wajukuu zangu wanasema bibi ameanza kiburi. Wakija, wakipiga hodi na kutoa shikamoo, nanyamaza nyuma ya mlango mpaka niwaone nyuso dirishani.