Safari ya Kupeleka Viatu Vibovu Timau

Sababu ya safari hii ni mti. Mti uliosimama ningeukwepa. Huu ulikuwa muwati uliolazwa barabarani nyuma ya kona, upande wa Mweiga, kuwa kizuizi cha homgadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali, na asubuhi nilipopita haukuwapo. Saa nane mchana, nikirudi Nyeri kwa pikipiki na chupa za maziwa, nikaukuta. Pikipiki ilibaki upande wa Mweiga, mimi nikavuka kwenda upande wa Nyeri bila kuonyesha kipande, cheti changu cha utambulisho. Kabla sijainuka, homgadi alininyooshea mkuki akaniuliza kwa nini sikusimama.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na mimi nilikuwa mpimaji wa kampuni ya maziwa. Nilizunguka mashamba ya Wazungu, nikachota maziwa kidogo katika kila debe na kuyarudisha Nyeri yapimwe mafuta. Kwa kijana aliyetoka Maragoli na nguo moja, kazi ya pikipiki ilikuwa ukubwa. Nilivaa koti la ngozi, buti ndefu na helmeti nyeusi, vyote mali ya kampuni, na vyote vimekatiwa bima. Mimi niliumia goti tu. Mavazi ndiyo yaliyopata ajali yenyewe: mkono wa koti ulichanika toka bega hadi kiwiko, soli ya buti ya kushoto ikaachama, na helmeti ikapata ufa wa kupitisha kidole.

Meneja wetu, ambaye nyuma ya mgongo wake tulimwita Bwana Siagi, alinieleza sheria akiwa amesimama. Bila mavazi kamili hakuna pikipiki. Bima wakitoa mapya, narudi barabarani. Wasipotoa, naenda kuosha madebe. Kuosha madebe hakukunitisha, maji ni maji. Lakini mwosha madebe hakupewa nyumba. Alilala kambini na wanaume wenzake, na mke wake alirudishwa kwao. Mimi nilikuwa na Mama Kezia na Kezia mwenyewe, aliyekuwa ndiyo kwanza ameota meno mawili.

Barua ya bima ilisema mavazi yapelekwe kwa wakala wao Nanyuki, yakiwa vile vile yalivyotoka kwenye ajali. Nilimfasiria Mama Kezia maneno hayo mara mbili. Aliyasikia mara mbili.

Nyeri, Jumatatu. Siku nzima nilikuwa kwenye foleni ya kuomba ruhusa ya kusafiri. Niliporudi jioni koti lilikuwa limetundikwa ukutani, limeoshwa, limepakwa mafuta, na mkono wake umeshonwa kwa uzi mweusi mahali pote palipochanika.

"Mama Kezia, umefanya nini?"

"Ulitaka uende kwa Mzungu na matambara, watu waseme mkeo hajui sindano?"

"Nilitaka matambara. Matambara ndiyo ushahidi."

"Ushahidi uko mdomoni, Baba Kezia. Utamwambia lilichanika."

Nilifikiria kuufumua ule uzi. Lakini alikuwa ameketi palepale na mtoto kifuani, vidole vyake vimetobolewatobolewa na sindano, akinitazama nitakavyofanya. Nikasema koti ni zuri. Nilibaki na buti na helmeti, na nilijipa moyo kwamba bima haiwezi kukataa buti inayoonyesha vidole.

Kiganjo, Jumanne asubuhi. Gari moshi lilichelewa kwa sababu ya ukaguzi. Kamba ilifungwa katikati ya uwanja wa nyasi mbele ya stesheni: Wakikuyu wote upande huu, sisi wengine upande ule. Walikuwa wanangoja mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, aje apite mbele yao, na atakayemtikisia kichwa achukuliwe kuwa mtu wa msituni. Sisi tulikuwa tunangoja gari moshi. Niliketi karibu na kamba, na ng'ambo yake aliketi mzee mmoja, fundi viatu wa Othaya, kisanduku chake magotini. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu.

"Kijana, hiyo kiatu yako imefungua mdomo."

"Iache, mzee. Naipeleka kwa bima."

"Bima ni nani?"

Nilimweleza kwamba bima ni watu unaowalipa mwaka mzima, ili kitu chako kikivunjika waje kukuuliza kama kweli kimevunjika.

"Na ikivunjika wanakupa ingine?"

"Ndiyo."

"Sasa ati unatembea na kiatu mbovu mpaka Nanyuki, ndio mtu aone ni mbovu? Si umwambie tu?"

"Hataamini."

Mzee alifikiri kidogo. "Basi ni kama hawa," akasema, akaelekeza kidevu kwa maaskari. Kisha akanyoosha mkono chini ya kamba. "Leta."

"Hapana, mzee. Ikishonwa nimekwisha."

"Leta, kijana. Hapa mikono ikikaa bure wanasema unafikiria mambo. Mimi niko na sindano, niko na nta, na sijui nitakaa hapa mpaka saa ngapi. Nisaidie."

Nilijua vizuri hasara yangu. Nilikuwa na barua ya bima mfukoni na nilijua imeandikwaje. Lakini mikono ile ilikuwa inatetemeka, na mwenyewe alikuwa anaificha chini ya kisanduku. Nikavua buti nikaipitisha chini ya kamba.

Ilipofika mikononi mwake kule kutetemeka kuliisha. Alishona polepole, akaficha kila mshono ndani ya ngozi, akasugua nta, akasugua udongo, akapangusa kwa kiganja. Alinirudishia buti ambayo hata mimi sikuweza kuonyesha ilipoachama. Alikataa senti zangu.

"Ukirudi unieleze kama huyo bima ameona mahali sindano yangu imepita."

"Nitakueleza, mzee."

Gari moshi lilipopiga filimbi ndipo lori la yule wa gunia lilipoingia stesheni. Nilipanda. Mzee alikuwa anapanga vifaa vyake kwenye kisanduku, kimoja kimoja, bila haraka.

Naro Moru. Hapa gari moshi lilisimama muda mrefu ili askari waangalie chini ya viti. Waliponikuta na koti la ngozi waliniuliza limetoka wapi, maana watu wa msituni nao walivaa ngozi. Niliwaonyesha barua. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, nami sikuulaumu, kwa namna ulivyokuwa ukitazamwa kwa darubini siku hizo.

Nanyuki, Jumanne alasiri. Wakala hayupo. Karani alisema Bwana ni mkulima pia, ngano yake imeiva, yuko shambani Timau, na anayetaka bima amfuate huko. Nililala kwa shemeji yangu, kaka wa Mama Kezia, koplo wa polisi aliyeitwa Kisia. Kisia ni mtu mwenye moyo mzuri na kichwa cha gwaride. Nilimweleza habari zote, akasikitika sana. Asubuhi nilipoamka helmeti ilikuwa mezani inang'aa. Alikuwa ameuziba ufa kwa lakiri, ile nta ngumu ya kufungia barua za serikali, kisha akaipaka rangi ya viatu na kuisugua kwa kitambaa.

"Shemeji, nilikuambia nini jana?"

"Nilikusikia, shemeji. Lakini huwezi kutoka nyumbani kwa koplo ukienda mbele ya Mzungu na helmeti namna ile. Sisi hata tukimzika askari, buti zake zinang'aa."

Nitasema kweli: nilijitazama kwenye kioo chake, na nilipendeza. Nilisimama pale kwa muda usiofaa kwa mtu anayekwenda kulalamika.

Barabara ya Timau, Jumatano. Nilipata nafasi juu ya lori lililokwenda kuchukua ngano. Nikiwa peke yangu na magunia matupu, niliwaza juu ya kambi ya waosha madebe na juu ya Mama Kezia akifunga mizigo. Nikavua helmeti, nikaipigiza kwenye ubao wa lori. Haikupasuka. Nikapigiza tena kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu kwa hasira. Ubao ndio uliopasuka. Dereva alisimamisha lori akaja kuuliza kama kuna simba huko juu.

Timau, saa sita mchana. Wakala alikuwa barazani, uso mwekundu kwa jua la mavuno, mezani kuna chai na bunduki. Alivaa miwani.

"Wapi vunjika?"

Nilionyesha mkono wa koti. Alisema hiyo ni koti iliyoshonwa vizuri. Nilionyesha helmeti. Aliigonga kwa kifundo cha kidole na kusema yake mwenyewe si ngumu hivyo. Nikavua buti. Aliikunja soli, akaivuta kwa vidole gumba viwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaisogeza juani na kuigeuza.

"Hii kiatu hapana vunjika."

"Ilivunjika, Bwana. Imeshonwa jana."

"Nani shona?"

"Fundi wa Othaya."

"Uongo. Fundi ya Othaya hapana weza shona namna hii. Mimi hapana ona mahali ya sindano."

Nilikuwa sijawahi kuitwa mwongo kwa kusema kweli tupu namna ile. Aliandika barua kwa meneja wangu, akaipiga mhuri mkubwa wa bima, akaifunga. Hakuniambia imeandikwaje, na sikuwa na haja ya kuuliza.

Kurudi, Alhamisi. Barua ile ilinisafirisha kuliko ruhusa ya serikali. Kila kizuizi askari waliona mhuri, wakanipungia mkono nipite, nami nikapita kwa heshima, nimebeba mwisho wa nyumba yangu mfukoni. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia yule mzee. Nilitaka kumwambia ufundi wake umeniponza. Nilitaka pia kumwambia alichosema Mzungu, maana nilijua atacheka.

Kiganjo nyasi zilikuwa zimelala na kamba haikuwapo. Nilimuuliza mpagazi wa stesheni.

"Walichukuliwa na lori siku ile ile."

"Na fundi viatu?"

"Upande ule wote," akasema, akaendelea kusukuma mkokoteni wake.

Maneno yangu yote ya hasira yaliisha hapo. Nilisimama na buti yangu nzima, na nilijisikia mnyonge.

Nyeri, Ijumaa asubuhi. Bwana Siagi aliifungua barua akaisoma kwa sauti. Mavazi yote yamekaguliwa. Hayana uharibifu wowote. Yako katika hali nzuri na yanafaa kabisa kutumiwa barabarani. Nilianza kueleza habari za madebe, kwamba niko tayari, ila naomba mwezi mmoja wa nyumba. Hakunisikiliza. Alikuwa anatafuta kitu kwenye droo. Akanirushia ufunguo wa pikipiki.

"Yanafaa," akasema, akigonga barua kwa kidole. "Mimi nataka yanafaa. Mapya au ya zamani, shauri ya bima."

Nyumbani Mama Kezia alisikiliza habari hizo mpaka mwisho. Alisema neno moja tu, kwamba aliniambia.

Hayo ndiyo niliyojifunza kuhusu bima. Walilipwa mwaka mzima wakatoa mhuri. Walionivalisha nirudi kazini ni watu watatu ambao sikuwalipa kitu, na mmoja wao sikujua hata jina lake. Kila nilipopita Kiganjo nilikuwa na jibu lake, na hapakuwa na wa kumpa.

Othaya, zaidi ya miaka miwili baadaye. Vizuizi vilikuwa vimepungua na kampuni ilianza kununua maziwa kwa wenyeji. Siku ya soko nilisimamisha pikipiki karibu na wauza viazi. Mzee mwembamba sana, kichwa kimenyolewa, alikuja akasimama mbele ya gurudumu. Hakunitazama usoni. Aliinama akaishika buti ya kushoto, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa soli, taratibu, mzunguko mzima.

"Aliona?"

"Hakuona, mzee. Alivaa miwani, akaipeleka juani, na hakuona. Akasema fundi wa Othaya hawezi kushona namna hii."

Alibaki ameinama. Mabega yake yalitikisika, na ilichukua muda kabla sijajua kwamba anacheka. Halafu akahamia mguu wa pili.

"Hii ya kulia nayo iko karibu kufungua mdomo," akasema. "Leta."

Niliketi chini hapo hapo sokoni, nikavua.