Hita ya Jumapili

Sina subira na mafundi wa kwenye simu. Mtu yuko nchi nyingine, haoni waya wala hasikii harufu ya plastiki inayoungua, halafu anakwambia gusa hapa, pima pale. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo mama mmoja aliponieleza kwamba hita ya maji ya mdogo wake ina miaka mitatu ikirusha breka ya umeme, na kwamba mtoto wa huyo mdogo, aliye ughaibuni, huitengeneza kwa simu kila Jumapili saa nne asubuhi, nilicheka mpaka akanuna.

"Usicheke. Juzi kajimwagia maji ya moto akitoa sufuria jikoni kupeleka bafuni. Nenda kaitengeneze, atake asitake."

Mdogo wake huyo ni mshonaji, na mtaa mzima unamwita Mama Pindo, maana hawezi kukusalimia bila kukagua pindo la suruali yako. Langu alilikagua pale pale mlangoni, akasikitika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji.

"Subiri saa nne," akaniambia. "Mwanangu atapiga, atakuelekeza."

"Mama, kazi hii naifanya mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Na mimi nashona mwaka wa arobaini. Lakini mteja akitaka kifungo cha bluu, namwekea cha bluu."

Nikameza hasira. Saa tatu ilikuwa haijagonga, nami si mtu wa kukaa nikitazama ukuta. Nikamwambia naangalia tu. Akanipa daftari alimokuwa akiandika maelekezo ya mwanawe, kwa mwandiko ule ule wa kuandikia vipimo vya wateja. Breka ilibadilishwa mara mbili. Themostati, ile ya kudhibiti joto, mara moja. Waya wa kutoka kwenye boksi la breka hadi bafuni ulivutwa mpya. Yote kayafanya mama huyu, miwani puani, simu begani. Nilimheshimu, nisiwe mwongo.

Nikazima breka, nikahakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, nikafungua kifuniko cha hita. Nilitoa nyaya zinazoingia kwenye koili, ile ya kuchemshia maji, nikazifunga ncha kwa utepe, nikawasha breka. Ikakaa bila kuruka. Dakika kumi, imekaa tu. Kumbe waya wa nyumba hauna kosa. Nikazima tena, nikaweka mita ya kupimia, ncha moja kwenye koili, nyingine kwenye bati la tangi. Koili nzima haitakiwi kugusana na tangi kwa namna yoyote. Hii ilikuwa inagusana. Imepasuka: ikipata moto umeme unatorokea kwenye bati, na breka inaruka ili umeme usiue mtu. Miaka mitatu watu wanailaumu breka, na ndiyo peke yake iliyokuwa inafanya kazi yake.

Nikarudi kwenye daftari. Jumapili ya tatu tangu mwanzo, imeandikwa: koili, nzima.

"Mama, hii koili nani aliipima?"

Alilichukua daftari, akalifunga, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Haya, mficha uchi hazai. Sikuipima. Mita alinitumia, akanielekeza vizuri, nikakaa hapa hapa nilipokaa. Nikamwambia nzima."

"Kwa nini?"

"Kabla hita haijaharibika alikuwa akipiga kila baada ya miezi miwili. Hujambo mama, sijambo, haya kwaheri. Ilipoharibika akaanza kila Jumapili, saa nzima. Nina hamu na mwanangu, fundi. Nina hamu naye mpaka naona aibu. Ukiitengeneza, atapiga aniulize nini?"

Nilitaka kumwambia mtoto hampigii mamake simu kwa ajili ya koili. Sikusema, kwa sababu sikuwa na hakika. Lakini ile bandeji niliiona. Nikamwaga maji ya tangi, nikafungua boliti, nikatoa koili ya zamani, imevimba kwa chokaa na ina ufa wa kuingiza ukucha. Nikafunga mpya niliyokuja nayo mkobani, na mpira wake, nikajaza tangi kwanza, ndipo nikawasha. Breka ikakaa.

Saa nne simu ikalia. Akaiweka kwenye spika, kama alivyozoea.

"Shikamoo mama. Jana usiku nimewaza, labda tuguse waya wa ethi, ule unaoingia ardhini."

"Marahaba baba." "Imepona. Mama yako mkubwa kaleta fundi. Ilikuwa koili."

"Kwa nini kaleta fundi?"

"Nilijimwagia maji kidogo tu."

"Mkono mzima mpaka kiwiko!" nikadakia. Si adabu, najua, lakini nilikuwa nimechoka na kufichana huko.

Upande wa pili kijana alivuta pumzi.

"Mama, nisamehe. Nilijua ni koili. Themostati hairushi breka, nilijua. Na ile siku nilijua hukupima, maana hukunisomea namba. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Tukiongea bila hita, unaniuliza narudi lini. Na mimi sina jibu, mama. Nakukumbuka kila siku na sina jibu. Ya hita nilikuwa nayo majibu."

Mama Pindo alifuta macho kwa bandeji. Mimi nilikuwa nakusanya spana ambazo nilishazikusanya.

"Sitakuuliza tena," akasema. "Jumapili ijayo utapiga?"

"Nitapiga."

"Tuongee nini?"

"Sijui, mama."

"Piga hivyo hivyo."