Mistari Sita Juu ya Uzi Mwekundu

Chepkemboi alikuwa mtu wa kushuku. Hata kuku akitaga nje ya kiota, alitaka kujua ametumwa na nani. Basi fikiria vile alivyowaka Jumanne ile aliporudi kutoka kuchuma majani chai, akashika mkono wa sweta aliyokuwa akimfumia binti yake Fancy, akakuta umeongezeka. Mistari mitano! Na mibaya hiyo! Kitanzi kimoja kimerukwa, viwili vimebanwa pamoja, katikati tundu la kupitisha kidole.

Ilikuwa Januari ya tisini na nane, mvua ya El Nino bado haijashika adabu, na Jumatatu iliyofuata Fancy alikuwa anaingia bweni, kidato cha kwanza. Bila sweta ya kijani hapokelewi getini. Na kijiji kizima cha Kiptere kilijua Chepkemboi haachi kosa kwenye kazi yake. Akiliona, hata liwe chini kabisa, anafumua mpaka alifikie.

Akafumua yote mitano, akafuma upya, kisha akafunga kauzi kekundu kwenye mstari wa mwisho.

"Tutajuana," akasema.

Jumatano kauzi kalikuwa kameachwa chini, mistari sita juu yake, matundu mawili. Nani huyo? Fancy alishinda naye shambani. Aliyebaki nyumbani ni Kogo, mama mkwe wake. Ndiye aliyemfundisha kufuma, lakini sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata kikombe alikitafuta kwa kupapasa. Hapana. Ni Jerusa tu, jirani, mke wa fundi wa kiwandani, watu wa upande wa ziwa. Mwaka uliopita kina mama wa kanisa walishindanisha sweta, Jerusa akawa wa pili nyuma ya Chepkemboi. Tangu hapo salamu yake haikuwa salamu.

Akafumua tena. Alhamisi, hivyo hivyo. Ijumaa asubuhi akamvizia Jerusa kwenye bomba la maji.

"Mama Calvince, mikono inakuwasha? Kama unataka kufuma, si ufume yako?"

"Unasema nini, Mama Fancy?"

"Unajua."

"Mimi sijakanyaga kwako tangu Krismasi. Na hiyo Krismasi ulinikodolea macho mpaka chai ikanishinda." Jerusa akabeba jerikeni yake akaenda zake.

Maneno anayo, Chepkemboi akajiambia. Siku hiyo hakumaliza kuchuma. Alimwachia Fancy kikapu, akarudi kimyakimya, akachungulia kwenye ufa wa mlango wa jikoni.

Kogo alikuwa amekaa karibu na moto, sweta mapajani. Vidole vilitafuta kitanzi, vikahesabu, sindano ikaingia. Ikikosa, Kogo alicheka peke yake na kuendelea. Chepkemboi aliegemea mlango, ukalia.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, Kogo."

"Ingia, funga mlango." Kogo akashusha sauti. "Hapa nyumbani kuna mtu mbaya. Kila siku namfumia mtoto, nataka aende shule na kazi ya mkono wangu. Kesho yake nikipapasa, hakuna! Imefumuliwa. Nilifikiri ni wewe umechoka na makosa ya kipofu. Halafu nikasema, hapana, Chepkemboi hawezi. Ni yule Jerusa, ama?"

Chepkemboi angeweza kuitikia tu, na mambo yaishe hapo.

"Si Jerusa," akasema. "Ni mimi, Kogo."

Kogo akapapasa hewani mpaka akapata bega lake.

"Basi chukua uzi, ufume mkono wa kushoto. Huu wa kulia ni wangu. Usiuguse."

Jumapili Chepkemboi alimfuata Jerusa hadi mlangoni kwake kuomba msamaha, akasimamishwa nje muda mrefu kabla ya kuambiwa karibu. Jumatatu Fancy aliingia getini na mkono mmoja ulionyooka, na mwingine wenye matundu saba. Mama yake alikuwa ameyahesabu yote, na hakugusa hata moja.