Vipande vya Rafu ya Chini

Kosa langu la kwanza dukani lilikuwa kuuza vipande vya rafu ya chini. Niliviuza vyote asubuhi moja, baba akiwa Lubumbashi kuchukua mali, kwa fundi mmoja anayeshona mikoba ya viraka. Nilidhani ninafanya usafi.

Duka letu la vitenge liko katikati ya mji wa Kolwezi, pale pale babu alipolifungua alipofika kutoka Kasongo. Huku kwetu ukoo ukiwa na harusi, au ukimaliza kilio cha marehemu, wote huvaa kitambaa kimoja. Na hakosekani anayechelewa: dada aliyeolewa Sandoa, mjomba ambaye treni imemlaza njiani. Kwa hiyo babu aliweka desturi kwamba kila kitambaa cha ukoo kiache kipande kwenye rafu ya chini, kimsubiri mwenyewe. Hakuna aliyeandika kitu. Baba alijua kila kipande ni cha nani, kama mzazi anavyojua viatu vya watoto wake mlangoni.

Nilijua na mimi. Lakini vingine vilikaa mpaka mikunjo ikapauka, na rangi zake ziligombana. Sikusomea biashara. Kupanga duka nilijifunza peke yangu kwenye simu, nikitazama maduka ya nchi za watu, kisha nikichukua utepe wa kupimia na kuhakikisha kingo za vitambaa zinalingana. Zisipolingana, usingizi hauji. Sijisifu, inachosha. Rafu ilipobaki tupu niliipigilia ubao mweupe kwa mbele. Ubao mweupe, Kolwezi. Kufikia adhuhuri ulikuwa na rangi ya udongo kama kila kitu kingine.

Baba aliporudi alisema ubao unapendeza. Alidhani vipande viko nyuma yake. Sikumsahihisha.

Barabara yetu wakati huo ilikuwa imechimbwa. Mji unafanywa upya: lami, mifereji, taa. Kabla ya uzuri huo tulipata shimo mbele ya mlango na vumbi lililoingia mpaka ndani ya chai. Majirani wa mstari wetu walihama mmoja mmoja. Baba alibaki. Kila asubuhi baada ya sala alifagia mbele ya duka letu, halafu mbele ya maduka yaliyofungwa, akamwaga maji vumbi litulie, na lori la kwanza likalirudisha lote hewani. Aliweka mbao juu ya mfereji ili wamama wavuke. Wafanyakazi wa barabara wakiziondoa, alizitafuta na kuzirudisha. Muuza mikate wa ng'ambo ya barabara alimwita tata meya, yaani baba meya.

“Tata meya,” alimwambia siku moja, “na huku kwangu ufagio unapita saa ngapi?”

Baba alivuka, akamfagilia.

Nilimpenda na nilimchoka. Nilikuwa nimepata chumba cha duka kwenye barabara ya Likasi, chenye vigae na kioo, na kwa wiki nyingi nilimweleza kwamba hapa tunakufa polepole. Mwanzoni alinijibu. Baadaye alikuwa anasikiliza tu, mkono kiunoni, na jioni moja akasema sawa, Jumamosi twende tukakione. Nilipaswa kufurahi. Niliona jinsi alivyokaa juu ya kigoda bila kuvua kofia, nikaanza kukunja upya vitambaa vilivyokwisha kukunjwa.

Kabla ya Jumamosi hiyo alikuja mama mmoja kutoka Dilolo. Alivuka mbao za baba na furushi kichwani, akaketi, akaomba maji. Dada yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, alikuwa jirani yetu, na kesho yake ukoo ulikuwa unamaliza kilio.

“Treni ilitulalisha Mutshatsha,” alisema. “Lakini sikuogopa. Nilijua kikwembe yangu, kitenge ya ukoo, iko kwa tata.”

Baba akainama, akavuta ubao. Ukagoma. Akavuta tena, misumari ikatoka, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila vumbi. Akanigeukia. Nikasema yote hapo hapo, mbele ya mgeni, fundi na mikoba yake na rangi zilizogombana, na nilisikia sauti yangu ikipanda kama ya mtoto.

Yule mama hakunipigia kelele. Aliangalia rafu zangu, zimenyooka kutoka nyekundu mpaka buluu.

“Mutoto yako anajua kupanga, tata,” alisema. “Hapa panapendeza sawa kaburi ya tajiri.”

Madukani kitambaa hicho hakikuwepo tena, nikakimbia kwa fundi. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kuwa mikoba, na mikoba ilikuwa imeuzwa. Niliporudi, baba alikuwa amempeleka mgeni nyumbani. Mama yangu alikuwa na kitambaa hicho hicho; alikinunua ili asimame kesho yake pamoja na ukoo wa jirani yake, na alikuwa amekishonesha tayari. Alikitoa kabatini, akafumua mishono ya pembeni ili kimtoshe mgeni, mwenye mwili mkubwa. Kesho yake alikwenda kwenye kilio na kitenge kingine, akakaa mwisho wa mstari. Watu wote waliona.

Jumamosi nilimsubiri baba mlangoni, nikiwa na ufunguo wa chumba cha vigae. Alikuwa anafagia. Hakunyanyua kichwa.

“Kule unataka tuende,” alisema, “ule mama angetupata wapi?”

Nilirudisha ufunguo jioni hiyo.

Sasa lami imefika mpaka kwa muuza mikate na imesimama hapo. Taa ya mbele ya duka huwaka siku ikipenda. Maduka mawili ya mstari wetu yamefunguliwa tena, mengine bado. Mgongo wa baba hauruhusu tena kuinama, kwa hiyo ninayefagia ni mimi, na wananiita meya, na sipendi. Rafu ya chini haina ubao. Imejaa vipande, rangi zinagombana, na ninajua kila kimoja ni cha nani. Bado nakunja vitambaa vya juu zaidi ya inavyohitajika. Nimechoka karibu kila siku. Sitafuti tena mahali pengine.