Kikombe cha Mkaguzi

Mkaguzi wa ajali wa mji wa Ibra hana haraka. Lori likipinduka, huvua kilemba akakiweka juu ya tairi, akapapasa mikanda ya mzigo huku akiimba chini chini, kisha huketi kunywa kahawa. Wala hakitikisi kikombe, kuonyesha imetosha, mpaka ajue mwenye kosa ni nani. Khelef, dereva wa lori lililopinduka leo, alikwisha kummiminia mara saba, roho mkononi, akiiwazia jela. Hatimaye kikombe kikatikiswa.

"Wewe huna kosa, mwanangu. Waliopakia marumaru yote upande mmoja ndio watakaojibu."

"Alhamdulillahi, ami," akasema Khelef, na kwa furaha akasahau adabu, akakijaza tena kikombe cha mtu aliyekwisha kutosheka. Mzee akakitazama, akakinywa chote, na ule wimbo wake akautoa kwa sauti.