Dada Mwanaidi na Konokono wa Mwambani

Mwanangu, siku ninayoikumbuka zaidi maji yalikuwa yamekupwa sana, mwamba wote wa nje ya mji uko wazi. Tulikwenda watatu: bibi mzaa mama, dada yangu Mwanaidi, na mimi. Tulifuata wale konokono wa gamba moja, mfano wa kofia, wanaoganda mwambani. Mchuzi wao wa nazi sijaula mwingine kama ule, au labda ni ujana tu uliokuwa na njaa.

Dada alikuwa mjane, eda imekwisha. Posa ilikuwa imetoka Pangani, na Ijumaa angetoa jibu lake. Mimi nilitaka abaki. Badala ya kusema, nikawa namchokonoa.

"Pangani mbu wengi, dada."

"Na hapa je, wamehama?"

"Watu wa huyo bwana wanaringa, nasikia."

Akaniondokea.

Bibi alikuwa akinitazama. Nilikuwa nagusa kila konokono kwa kidole kabla ya kumbandua, naye anajibana, kisu hakipiti. "Wewe," akasema, "ukishamgusa umempa habari, hutampata tena. Na dada yako unamfanya hivyo hivyo. Kama unamtaka, mwambie unamtaka. La, mwache avue."

Nikasema, "Haya, bibi." Lakini nikaona haya, dada sikumwambia. Ijumaa dada akakubali.

Yule bwana alimtunza vizuri, ni haki niliandike hilo. Lakini nyumba yetu ilikuwa kimya. Asubuhi nilikuwa namimina vikombe viwili vya chai, halafu nakumbuka.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kumwona. Tukiwa tunachambua mchele akaniambia, "Siku zile nilikuwa nakungoja useme. Ulinitukania watu tu."

"Ungebaki?"

"Sijui, mdogo wangu. Lakini ningeondoka nikijua kuwa napendwa."

Huenda alisema hivyo kunipoza, sina hakika. Dada sasa ni marehemu, na mpaka leo nina hamu naye.

Basi nasaha yangu ni hii, japo si msomi wa kunasihi watu: umpendaye mwambie wazi, mapema, bila kumzungushia maneno, kisha uamuzi mwachie mwenyewe. Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kupenda, na akubakishie wako karibu wakusikie. Amin.